Kadi Mbili, Namba Moja

Firdausi Salumu alijifunza kompyuta nyuma ya duka la vitenge la baba yake, pale Kasulu mjini, kwenye mashine moja kuukuu iliyotumika kuchapa barua za watu na kuwawekea nyimbo kwenye simu. Alipomaliza chuo Dodoma, wenzake walibaki huko kutafuta kazi za benki. Yeye alirudi kumuuguza mama yake, na mama alipopona akajikuta hana hamu tena ya kuondoka. Akiwa na miaka thelathini na mmoja, aliajiriwa na mradi mdogo wa kuzuia kichaa cha mbwa uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili, gari moja, na msimamizi mmoja, tabibu Bazilio Nsengimana.

Mama yake hakuwahi kuielewa kazi hiyo, na Firdausi hakumlaumu. Mtu akiumwa na mbwa huenda zahanati, huchomwa chanjo ya kwanza siku hiyohiyo, na hupewa kadi yenye namba. Dozi ya pili ni siku ya tatu baada ya hapo, na ya tatu ni siku ya saba. Muuguzi huandika habari zake kwenye simu ya mradi, na habari hizo husafiri hadi kwenye seva, zikapanga foleni. Hapo kuna programu ndogo inayoitwa kiunganishi, ambayo kazi yake ni kuchukua habari moja moja kutoka kwenye foleni na kuziandika kwenye majedwali ya hifadhidata. Kila alfajiri majedwali hayo hutoa orodha ya watu wa kuchomwa siku hiyo. Chanjo zilikuwa chache na zilikaa kwenye majokofu ya mjini, kwa hiyo pikipiki ilizisambaza kwa kufuata orodha. Jina lisipokuwemo, chanjo haiendi.

Kiunganishi hufuata faili la mipangilio. Firdausi ndiye aliyeliandika. Sehemu moja ilisema kwamba ikija habari ya mtu ambaye tayari yumo kwenye jedwali, asiandikwe mara ya pili, bali mstari wake ubadilishwe uchukue habari mpya. Hilo lilikuwa sawa, maana mtu mmoja huja zahanati mara tatu. Sehemu iliyofuata iliuliza mtu atambuliwe kwa kitu gani. Hapo Firdausi alikuwa ameandika: namba ya kadi.

Mwaka mzima Kasulu ilikuwa peke yake na hakukuwa na tatizo. Januari, Kibondo ikaingizwa. Jedwali jipya la mwaka likafunguliwa, vitabu vipya vya kadi vikachapwa kwa wilaya zote mbili, na vyote vikaanza na namba moja.

Na Firdausi aliliona hilo. Kwenye daftari lake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tambua mtu kwa wilaya na namba, vyote viwili." Lakini kufanya hivyo kulihitaji kusimamisha mfumo nusu siku na kulijenga jedwali upya, na Bazilio alikuwa ameshawaahidi wafadhili kwamba Kibondo itaanza Ijumaa. Firdausi akajiambia kwamba watu wa Kasulu wenye namba za mwanzo watakuwa wamemaliza dozi zao, hivyo hata wakifutika hakuna atakayeumia. Atarekebisha wiki ijayo. Ijumaa akawasha.

Jumatano iliyofuata, saa tatu asubuhi, simu yake iliita. Alikuwa Maximilla, muuguzi wa zahanati moja huko Kitahana, Kibondo.

"Habari za asubuhi, Firdausi. Nina jambo hapa silielewi."

"Nzuri, dada. Sema."

"Kadi namba kumi na moja. Kwenye daftari langu la karatasi ni Ininahazwe Hatungimana. Mama mmoja wa huku, mkulima, mbwa alimrukia Jumamosi akamuuma shingoni. Nimemchoma mwenyewe, mara moja tu. Sasa simu inaniambia kadi kumi na moja ni Marselino, na amekamilisha dozi zote tatu. Huyu Marselino mimi simjui."

Firdausi alimjua. Alikuwa fundi cherehani wa Kasulu ambaye alichelewa dozi yake ya mwisho, akaja kuchomwa Jumatatu.

"Dada," alisema polepole, "jana ilikuwa siku ya tatu ya huyo mama. Alikuja?"

"Hapo ndipo ninapoogopa. Jana mimi nilikuwa kwenye semina mjini. Zahanati alibaki mhudumu. Anasema mama alikuja, wakaitazama namba yake kwenye simu, simu ikasema amekamilisha. Akamwambia ashukuru Mungu, aende nyumbani."

Firdausi aliandika jina hilo kwenye daftari lake.

"Mhudumu hana kosa," Maximilla alisema, kama mtu anayejibu lawama ambayo haijatamkwa. "Alisoma kilichoandikwa."

"Najua hana kosa. Dada, nakuomba mtafute huyo mama sasa hivi. Mwambie hajamaliza."

Alikata simu akafungua kompyuta. Kwenye kioo, taarifa za kiunganishi zilikuwa zikipanda moja baada ya nyingine, kama kila asubuhi zahanati zinapofungua. Kadi thelathini na mbili, imeandikwa. Kadi kumi na tisa, imebadilishwa. Hiyo kumi na tisa ilikuwa inatoka Kasulu, na Firdausi alikumbuka kwamba Kibondo nako kulikuwa na kumi na tisa. Mtu mwingine alikuwa amefutika mbele ya macho yake wakati yeye anatazama. Aliandika amri ya kusimamisha, akakosea herufi, mashine ikamkatalia. Akaandika tena. Kadi ishirini na mbili, imebadilishwa. Halafu kioo kikatulia.

Alikwenda chumba cha pili. Bazilio alikuwa amevaa miwani yake, akisoma ripoti.

"Daktari, nimesimamisha mfumo."

"Kwa nini? Wafadhili wanakuja kesho kuona Kibondo inavyokwenda."

"Mfumo unafuta watu." Alimweleza akiwa amesimama, bila kuzunguka. Namba zimegongana. Anayeandikwa mwisho anachukua nafasi ya aliyetangulia. Yeye mwenyewe alijua inaweza kutokea na hakusema.

Bazilio alivua miwani. Alikuwa mtu wa Kibondo, mtaratibu, na katika utumishi wake alikuwa amewahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa mara mbili. Wote wawili walikufa, maana dalili zikishaanza hakuna dawa.

"Ni wangapi?"

"Sijajua bado."

"Basi kajue. Tusiwapigie watu simu ovyo tukawatia hofu bure. Tupate orodha kamili, nimjulishe mganga mkuu wa wilaya, yeye ndiye atoe maelekezo."

"Hiyo itafika jioni, daktari."

"Ndio utaratibu."

"Huyu wa Kitahana nimeshamwambia dada Maximilla amtafute. Na nikimpata mwingine nitapiga."

Bazilio alivaa tena miwani. "Nenda kwenye mashine yako," alisema mwishowe. Hakumkataza.

Jedwali halikuweza kumsaidia tena, kwa sababu lilikuwa limehifadhi sura ya mwisho tu. Lakini foleni ilikuwa bado inazo habari zote, kila moja kama ilivyotumwa na simu. Tatizo ni kwamba seva ilikuwa imepangwa kuzitunza kwa siku saba, kisha kuzitupa. Kibondo ilianza Ijumaa na leo ilikuwa Jumatano. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunakili foleni nzima mahali pengine, na dakika nne ambazo kazi hiyo ilichukua alizikaa akiwa amebana mikono katikati ya magoti.

Kisha akaanza kulinganisha. Namba moja, wilaya mbili, majina mawili. Hii hapana, hii wote wamemaliza, hii ndiyo. Kufikia saa nne alikuwa na watu tisa waliofutwa. Watano hawakuwa na dozi iliyobaki. Wanne walikuwa nayo.

Wawili wa kwanza, mtu na mkewe wa Kibondo mjini walioumwa na mbwa mmoja, waliitika simu mara ya kwanza na kuahidi kwenda zahanati saa hiyohiyo. Wa tatu alikuwa mwendesha bodaboda wa Kasulu. Alisikiliza, akauliza kama ni matapeli, akakata. Firdausi alimpigia tena, akamtajia tarehe aliyoumwa, rangi ya mbwa, na mguu upi. Akakubali.

Wa nne alikuwa Ininahazwe. Simu aliyoandikisha iliitikiwa na mwanamume.

"Ni Nsabimana, kaka yake. Mwenyewe hayupo."

"Yuko shambani?"

"Ameondoka alfajiri na basi. Tuna msiba, shangazi yetu amefariki Mabanda, kule Burundi. Atapitia Manyovu, pale mpakani. Simu ameniachia mimi, maana kule haishiki mtandao. Muuguzi naye alikuwa hapa sasa hivi. Kuna nini? Si alimaliza sindano?"

"Hakumaliza. Kosa ni letu. Atakaa huko siku ngapi?"

"Hadi matanga yaishe. Labda wiki mbili, labda tatu. Na wazee wa kule wana mashauri ya shamba."

Wiki mbili au tatu. Jeraha la shingoni liko karibu na kichwa, na Bazilio alikuwa amewafundisha wote kwamba jeraha la hapo halimpi mtu muda. Firdausi aliuliza amevaaje. Kitenge cha njano, alisema Nsabimana, na bandeji shingoni.

Alipogeuka, Bazilio alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Basi la alfajiri kutoka Kibondo linafika hapa saa tatu," alisema. "Kama alipata gari la Manyovu mara moja, ameshafika huko. Kama gari halijajaa, bado yuko stendi. Chukua kasha la chanjo, weka barafu mpya. Mimi naleta gari."

Stendi hawakumkuta. Wakala mmoja alikumbuka kitenge cha njano. Mama huyo alipanda gari lililoondoka nusu saa iliyopita. Bazilio aliendesha kwa kasi ambayo Firdausi hakuwahi kumwona nayo, akipita malori yaliyobeba saruji na chumvi kwenda mpakani. Kasha lilikuwa mapajani mwa Firdausi, baridi yake ikipenya hadi kwenye ngozi. Walipofika nusu ya njia Bazilio alisema, macho yakiwa barabarani:

"Ulipojua namba zitagongana, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshawaahidi wafadhili Ijumaa. Niliona utakasirika."

"Ningekasirika," alisema. Baada ya kona mbili akaongeza, "Halafu ningeahirisha."

Firdausi aligeukia dirishani. Maneno hayo yalimuuma kuliko kama angegombezwa.

Manyovu palikuwa pamejaa kama kawaida ya mchana: malori yamejipanga, wabadilisha fedha wakiwa na mafungu yao mkononi, wanawake wenye vikapu vya dagaa. Mbele ya dirisha la uhamiaji kulikuwa na foleni ya watu kama ishirini. Kitenge cha njano kilikuwa cha tatu kutoka mbele.

Firdausi alishuka gari halijasimama vizuri. "Mama Ininahazwe," aliita. "Ininahazwe Hatungimana."

Mwanamke hakugeuka. Mabega yake tu yalikaza, na mkono wake ukapanda kuvuta mtandio ufunike bandeji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mkoba wa nguo miguuni. Firdausi alimfikia akasema tena jina lake.

"Umekosea mtu," mwanamke alisema kwa sauti ya chini, akitazama mbele.

Ndipo Firdausi akajiona kama alivyoonekana na watu wa foleni ile: msichana wa mjini mwenye kitambulisho kifuani na karatasi ya majina mkononi, ameshuka kwenye gari la mradi, anaita jina la Kirundi mbele ya dirisha la uhamiaji. Wazazi wa Ininahazwe waliingia nchi hii kwa miguu mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji ya Burundi. Uraia aliupata, cheti anacho, na hata hivyo aliishi akijua kwamba siku yoyote mtu anaweza kuja na karatasi na kusema lipo kosa.

Firdausi alikunja karatasi akaitia mfukoni. Alivua kitambulisho. Akaacha Kiswahili, akamwongelesha Kiha, lugha waliyoielewa wote wawili, na akashusha sauti ili wengine wasisikie, akianza na salamu ya amani.

"Amahoro, mama. Mimi si mtu wa uhamiaji, wala sina shida na hati zako. Ninatoka kwenye mradi wa chanjo ya mbwa. Jana uliambiwa umemaliza sindano. Si kweli. Umechomwa moja, zimebaki mbili."

"Simu ilisema nimemaliza."

"Simu ilisema hivyo kwa sababu mimi niliipanga vibaya. Kuna mtu wa Kasulu ana kadi yenye namba kama yako. Mashine ikadhani nyie ni mtu mmoja. Ikaandika habari zake juu ya zako."

Ininahazwe aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni. "Wewe mwenyewe ndiye uliyepanga?"

"Ni mimi."

Foleni ilisogea. Mtu mmoja alikuwa amebaki mbele yake. Ofisa dirishani alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua hati za huyo.

"Ninakwenda kumzika shangazi yangu," Ininahazwe alisema. "Ndiye aliyenilea huku, kabla hajarudi Burundi. Wanazika saa tisa. Nikitoka hapa napoteza zamu, na nikipoteza zamu sitamwona."

"Sitakuzuia usiende."

"Wote husema hivyo. Halafu unaambiwa ngoja hapa, ngoja pale."

Firdausi aligeuka akamwita Bazilio, ambaye alikuwa amebaki nyuma kwa makusudi na kasha lake. Kisha akamwambia Ininahazwe, "Mimi nitasimama hapa kwenye zamu yako. Yeye atakuchoma pale kwenye benchi, unaniona na mimi nakuona. Foleni ikifika, nitakuita."

Mama yule alitazama benchi, kisha dirisha. Mwanamume aliyekuwa mbele alipewa hati zake akaondoka. Ofisa akainua macho. "Anayefuata."

"Mheshimiwa, huyu mama ni mgonjwa, anachomwa sindano hapo hapo," Firdausi alisema. "Tunaomba dakika tano."

Ofisa alitazama bandeji, akamtazama Bazilio aliyekuwa tayari anavaa glovu, akaashiria mtu wa nyuma apite kwanza.

Ininahazwe alikwenda kwenye benchi. Alikunja mkono wa blauzi mwenyewe. Bazilio alimweleza kila alichokuwa anafanya kabla ya kukifanya, akalifungua jeraha, akalisafisha kwa sabuni na maji ya chupa, akalifunga upya. Dawa ilipoingia, mama hakukunja uso. Macho yake yalikuwa kwa Firdausi dirishani.

"Dozi ya mwisho ni Jumamosi," Bazilio alimwambia. "Huko uendako hatuwezi kukufikia. Usipokuja, hii ya leo haitoshi."

"Jumamosi ni mapema. Msiba haujaisha."

"Najua."

Hakuahidi. Alichukua mkoba wake, akarudi kwenye zamu aliyoshikiwa, akagongewa muhuri, akavuka. Firdausi alimfuata kwa macho hadi kitenge cha njano kilipopotea nyuma ya malori. Ndipo alipokaa kwenye lile benchi.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Wafadhili walikuja Alhamisi wakakuta Kibondo imezimwa kwenye mfumo na orodha zinaandikwa kwa mkono. Bazilio aliwaeleza sababu, na Firdausi akaandika ripoti akaweka jina lake mwenyewe pale palipoulizwa nani aliyefanya mipangilio. Mmoja wa wageni aliuliza kama mtu huyo bado yuko kazini. Bazilio alijibu kwamba yuko chumba cha pili anarekebisha, na asingependa asumbuliwe.

Alilijenga jedwali upya. Safari hii mtu alitambuliwa kwa wilaya yake na namba yake pamoja, na alikataza jedwali lisipokee mstari wowote uliokosa kimojawapo. Kabla ya kuelekeza kiunganishi kwenye jedwali halisi, alitengeneza la majaribio, akatuma kadi mbili za namba moja kutoka wilaya mbili, akaona majina mawili yamekaa mistari miwili. Hakuridhika. Akatuma tena mara hamsini. Kisha akairudisha foleni yote aliyoinakili, na mmoja baada ya mwingine wale tisa wakarudi. Kibondo haikuwashwa mpaka Maximilla aliposoma majina yote kwa simu, yeye akisoma daftari lake, Firdausi akitazama kioo.

Jumamosi Bazilio alikwenda Manyovu na kasha lake, akakaa hadi kituo cha mpakani kilipofungwa. Ininahazwe hakutokea. Jumapili Firdausi alikwenda naye. Walikaa kwenye benchi lile lile tangu asubuhi, na kila lori lililopita lilimfanya asimame. Saa nane na nusu mchana mama alivuka kwa miguu, uso umevimba kwa kulia na kwa kukosa usingizi. Alifika akakaa katikati yao, akakunja mkono wa blauzi bila kusalimia.

"Wamenisema sana kwa kuondoka," alisema sindano ilipokwisha. "Nimewaambia kuna watu wananingoja mpakani."

Walimchukua kwenye gari hadi Kasulu ili kesho yake apande basi la Kibondo. Njiani alilala. Walipofika ofisini kuchukua maji, aliamka akasema anataka kuiona hiyo mashine. Firdausi akawasha kompyuta, akamvutia kiti, akamwonyesha mstari mmoja: Kibondo, kumi na moja, jina, tarehe za dozi zake tatu.

Ininahazwe aliinama karibu na kioo. Hakusoma shule nyingi, lakini jina lake alilijua. Alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, akasimamisha kidole katikati.

"Hapa mmeacha herufi mbili. Mmeandika Ininazwe."

Firdausi akatazama. Ilikuwa kweli. Lilikuwa limetumwa hivyo tangu kwenye simu. Alibonyeza mstari ule, akaandika upya huku mama akimtajia herufi, akahifadhi.

"Soma sasa," alisema.

Mama alisoma hadi mwisho. Kisha akauliza basi la Kibondo linaondoka saa ngapi, na kama kuna mahali pa kulala karibu na stendi.

"Utalala kwetu," Firdausi alisema, akizima mashine. "Mama yangu ameshapika."